Msomaji mpya wa katuni za mashujaa hadaiwi chochote

Kuna jibu moja linalonikera kila ninapoliona. Mtu anasema amempenda Batman, anauliza aanzie wapi, na papo hapo anaporomoshewa orodha ndefu ya majina na miaka, pamoja na onyo kwamba akiruka kimoja hataelewa lolote. Huyo harudi tena. Amekuja kutafuta hadithi, watu wakamgeuzia mtihani.

Wanaotoa orodha hizo wanaamini kwamba mwendelezo wa hadithi hizi ulipangwa, na kwamba anayeufuata tangu mwanzo ataushika wote. Hakuna aliyeupanga! Superman alitoka mwaka 1938, Batman mwaka uliofuata, na walioandika wakati ule walikuwa wanawaza toleo la mwezi ujao. Mwaka 1956 DC, wachapishaji wa Superman na Batman, walileta Flash mpya, shujaa wa mbio za ajabu, Barry Allen, na katika hadithi yake ya kwanza kabisa tunamkuta anasoma kitabu cha katuni cha Flash wa zamani, Jay Garrick. Kwa Barry, basi, Jay alikuwa mhusika wa kubuniwa tu. Mwaka 1961, katika The Flash namba 123, wawili hao wanakutana: kumbe Jay yupo, ila anaishi dunia nyingine. Toleo hilo moja likafungua mlango. Dunia ziliongezeka hadi mwaka 1985 DC wakaanza kuziunganisha kuwa moja katika hadithi ya Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, na Barry akafia humo. Mwaka 1994 ikaja hadithi nyingine, Zero Hour, kunyoosha yaliyopindishwa na marekebisho yale. Mwaka 2005 ikaanza nyingine tena, Infinite Crisis. Mwaka 2011, baada ya hadithi ya Flashpoint, vitabu 52 vikaanza upya na namba 1, na miaka mitano baadaye wakaanza kurudisha mengi waliyoyaondoa. Barry naye alikuwa ameshafufuka zamani.

Haya, mwambie mgeni asome kwa mfuatano. Mfuatano upi? Hata wahariri waliolipwa kuulinda wameurekebisha tena na tena.

Marvel, wachapishaji washindani wa DC, wana njia yao: wanausogeza wakati. Tony Stark, yaani Iron Man, alijeruhiwa Vietnam katika hadithi ya mwaka 1963. Kwa hesabu hiyo leo angekuwa mkongwe, kwa hiyo baadaye vita vyake vikahamishiwa Afghanistan. Msomaji anayetaka tarehe zioane ataumia kichwa bure.

Lakini jambo linalonigusa kuliko yote ni hili: hakuna mchapishaji anayeweza kufuta ulichokwisha kusoma. Peter Parker, yaani Spider-Man, na mpenzi wake Mary Jane walioana mwaka 1987. Mwaka 2007, katika One More Day, ndoa hiyo ikaondolewa kwa mapatano na Mephisto, pepo mwovu wa hadithi za Marvel, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Niliichukia hadithi ile na bado naichukia. Hata hivyo matoleo ya miaka ile 20 yapo. Ukiyafungua leo, wale wawili bado ni mume na mke, bado wanagombana na kupatana, na huzuni yao ni huzuni ya kweli. Kama umeyasoma yakakugusa, yametokea. Huhitaji kibali cha ofisi ya wahariri kuyapenda, na mashabiki wa zamani hawana haki ya kukuambia kwamba ulichokipenda “hakihesabiki”.

Sawa, nakubali kwamba kumbukumbu ina uzito wake. Kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man kabla ya Mary Jane, mwaka 1973, kinamuuma zaidi aliyeishi naye kwa matoleo mengi. Ila hiyo ni sababu ya kusoma matoleo yaliyotangulia kifo chake, si ya kusoma kila kitu Marvel walichowahi kuchapisha.

Mfuate mwandishi, basi. Batman: Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli ni matoleo manne tu, na inajitosheleza. Kamala Khan alipopewa kitabu chake, Ms. Marvel ya mwaka 2014, kilianza na msichana anayewapenda mashujaa kwa mbali, na unayapata unayohitaji ukurasa kwa ukurasa. Yale matukio makubwa yanayotapakaa katika vitabu vingi kwa wakati mmoja, yaache kwanza. Ensaiklopidia za mtandaoni zifungue ukishasoma, usizifungue kabla.

Na anayedhani mgeni lazima ajue kila jina kabla ya kufungua ukurasa, airudie ile namba 123. Kitabu cha Jay Garrick kilikuwa kimekoma mwaka 1949. Mtoto wa miaka kumi aliyenunua toleo lile mwaka 1961 hakuwa hata amezaliwa kilipokoma. Alikutana na mzee mwenye kofia ya chuma asiyemjua, akaelezwa ni nani kwa maneno machache, akaendelea kusoma.