Amin kuigizwa na Mmarekani ni sawa, ila stori ilikuwa ya nani?

Kila ikitangazwa muvi ya Hollywood inayohusu Afrika ugomvi unaanzia palepale, nani kapewa kuigiza, mbona sio mtu wa kule, mbona stori ya Uganda lafudhi ya Lagos, na upande wa pili nao wanajibu kuigiza ni kuigiza bana, ukitaka mtu halisi kaangalie taarifa ya habari. Pande zote mbili zina hoja na nitazipitia, ila msimamo wangu nautoa mapema: tunabishana sana kuhusu sura ya mtu kwenye bango la muvi wakati ubaguzi mkubwa unakuwa umeshafanyika miaka miwili mitatu kabla, kwenye karatasi, pale watu wachache wanapoamua stori ipi ipewe hela na itazamwe kwa macho ya nani.

Chukua The Last King of Scotland, 2006. Idi Amin kaigizwa na Forest Whitaker, Mmarekani, na watu wengi wa huku kwetu walinung'unika hawakuona kwanini asitafutwe Mganda. Mi hapa nasimama na Whitaker kabisa. Jamaa alienda Uganda, akajifunza Kiswahili, akakaa na watu waliomfahamu Amin, na ukimwangalia akihutubia umati, lile cheko linalogeuka hasira bila taarifa, unasahau kama huyu mtu kakulia Los Angeles. 2007 akapewa Oscar na aliistahili. Na Waganda hawakukosa kabisa kwenye ile muvi, Abby Mukiibi yumo kama Masanga, mtu wa kazi chafu za Amin, na kafanya vizuri sana.

Sasa angalia steringi mwenyewe. Ni daktari kijana kutoka Scotland anaitwa Nicholas Garrigan, kaigizwa na James McAvoy, na huyu mtu hakuwahi kuwepo, ni wa kutungwa, katoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Uganda ya 1971 mpaka 1979, nchi iliyopoteza watu ambao baadhi ya makadirio yanataja laki tatu, tunaiona kupitia wasiwasi wa kijana wa Kizungu asiyekuwepo. Kuna sehemu moja inaniuma kuliko zote. Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alikufa kweli mwaka 1974, na mwili wake ulikutwa umekatwakatwa. Taarifa za wakati ule zinamtaja daktari Mganda kama ndo mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye. Kwenye muvi yule daktari Mganda hayupo, mapenzi yake kapewa Garrigan, hatari yake kapewa Garrigan, hata majuto kapewa Garrigan. Yaani hapo hakuna usaili ulioibiwa, hakuna muigizaji Mganda aliyefika mlangoni akaambiwa rudi nyumbani, nafasi yenyewe ilifutwa kwenye skripti kabla hata simu ya kwanza ya kutafuta waigizaji haijapigwa. Ukimweka Mganda aigize Amin hicho kitu hakibadiliki hata kidogo.

Wanaotetea studio watakwambia mtazamaji wa London au Chicago anahitaji mtu wa kumshika mkono aingie nchi asiyoijua, bila huyo Mzungu hakati tiketi. Sio hoja ya kijinga, watu wanaweka mamilioni yao pale. Ila Hotel Rwanda ya 2004 steringi wake ni Mnyarwanda, Mzungu yupo pembeni, na watu waliangalia na waigizaji wake wawili, Don Cheadle na Sophie Okonedo, wakatajwa kwenye Oscar (mjadala kuhusu Rusesabagina mwenyewe, yule meneja wa hoteli anayesimuliwa, na walionusurika pale hotelini Mille Collines ni mzito na unataka nafasi yake). Mwaka uliofuata Raoul Peck, dairekta kutoka Haiti, akatoa Sometimes in April kwa hela ya HBO, televisheni ya Marekani, akaenda kushuti Rwanda kwenyewe, na pamoja na Idris Elba wa London akamweka Carole Karemera, binti wa Wanyarwanda. Hakuna Mzungu wa kumshika mtu mkono mle ndani, na muvi inaeleweka vizuri tu.

Turudi kwenye lafudhi maana najua wengine hawajaridhika. Wanaosema Mwafrika aigizwe na Mwafrika wa nchi ileile wana uchungu wa kweli, kwa sababu Hollywood kwa miaka mingi imetuona wote ni mtu mmoja. Kwenye Out of Africa ya 1985, muvi iliyoshutiwa Kenya na kubeba Oscar saba, Farah, msimamizi wa nyumba ya yule mama steringi, ambaye alikuwa Msomali, kaigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Iman, Msomali kabisa aliyeishi na kusoma Nairobi, yumo humohumo kwenye kijinafasi kidogo. Lakini ukiwa mkweli utaona kwamba kwenye muvi hiyohiyo Robert Redford anaigiza Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kitajiri, huku anaongea kama alivyozaliwa, Kimarekani, kwa sababu dairekta Sydney Pollack aliona akibadilisha lafudhi itawachanganya watazamaji waliomzoea, alafu Meryl Streep, Mmarekani, anaigiza Mdenmark. Kwa hiyo kuvuka mipaka ya nchi kwenye kuigiza ni kawaida ya kazi, hata Wazungu wanavukiana. Tofauti ni kwamba Mwingereza akikosa nafasi ya Finch Hatton mwaka huohuo ana nafasi nyingine kibao za kwenda kufanyia usaili, wakati Msomali au Mkikuyu akikosa hiyo moja anasubiri miaka kumi, na ikija anakuta kapewa mtu mwenye jina.

Alafu hii sheria ya nchi kwa nchi tukiishupalia itatugeukia sisi wenyewe. Daniel Kaluuya kazaliwa London, wazazi wake Waganda. Alipotoka na Get Out 2017 Samuel L. Jackson alilalamika hadharani, mbona stori ya Mmarekani mweusi kapewa Muingereza, mtu aliyekulia kwenye ubaguzi wa Marekani angeigizaje. Miaka minne baadaye Kaluuya huyohuyo kashinda Oscar kwa kumuigiza Fred Hampton, kiongozi wa Chicago wa Black Panther, chama kilichopigania haki za weusi, na huku kwetu tulishangilia, Kampala nzima ilimwita mtoto wetu. Sasa huwezi kumshangilia Kaluuya akiwa Hampton alafu ukamkatalia Whitaker kuwa Amin. Kuna Edi Gathegi, kazaliwa Nairobi, alikuwa vampaya kwenye Twilight, kuna Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, wote hao ukiwaambia waigize nchi zao tu watakaa bila kazi, maana nchi zao hazitengenezewi muvi.

Japo malalamiko ya Jackson siyapuuzi. Gregory Allen Howard, aliyeandika skripti ya kwanza ya muvi ya Harriet Tubman, mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoroka utumwa akaokoa na wengine, alisimulia kwamba mwaka 1994 bosi mmoja wa studio alipendekeza Julia Roberts ndo awe Harriet, na alipoambiwa Harriet alikuwa mwanamke mweusi akajibu ni zamani sana hakuna atakayejua. Muvi ikatoka 2019, miaka 25 baadaye, nafasi ikaenda kwa Cynthia Erivo, mtoto wa Wanaijeria wa London, na Wamarekani weusi wengi wakaumia. Ukijua hiyo historia ya 1994 unawaelewa. Mtu aliyesubiri robo karne stori ya bibi yake itoke lazima awe na wivu nayo, na hasira aliyopaswa kuipata yule bosi wa studio ikaishia kwa dada wa watu aliyeitwa kazini akaitika.

Upande wa hela ndo mgumu kuliko yote na hapa watetezi wa studio wanakuwa na nguvu zaidi. Muvi nyingi zisizo za studio kubwa zinapata bajeti kwa kuuzwa nchi moja moja kabla hata hazijashutiwa, muuzaji anaenda sokoni na skripti na jina la staa, mnunuzi wa Ujerumani anasema nitatoa kiasi hiki, wa Japani kiasi kile, alafu benki inakopesha kwa kuangalia ile mikataba. Kwa hiyo jina la staa ndo dhamana. Dairekta anaweza kuwa na roho safi kabisa akamtaka binti wa Kisumu, ila akimweka yule binti benki haimpi kitu, na hapo hakuna mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole ukasema huyu ndo mbaguzi. Hiyo ni kweli. Ila jiulize hayo majina yanapatikanaje. Unakuwa na jina kwa kupewa nafasi, na nafasi unapewa kwa kuwa na jina, na aliyeachwa nje mwanzoni kwa sababu ya rangi anaendelea kuachwa nje kwa sababu ya hesabu, mpaka ile rangi haitajwi tena popote.

Na mara nyingine inatajwa wazi kabisa. Barua pepe za Sony zilipovuja mwisho wa 2014 kulikuwa na moja prodyuza kamwandikia bosi wa studio kuhusu The Equalizer, kwamba muvi zenye steringi mweusi hazifanyi vizuri nje ya Marekani kwa sababu watazamaji wa nje wana ubaguzi. Steringi mwenyewe ni Denzel Washington! Muvi iliingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani, na ikazaa nyingine mbili. Na hao watazamaji wa nje ni pamoja na sisi, wa vibanda umiza tuliokua na Wahindi na Wachina wa kung fu huku DJ anatafsiri juu kwa juu, leo mama zetu wanafuatilia Waturuki wenye sauti za Kiswahili kila jioni. Sisi hatujawahi kuuliza rangi ya steringi, tumekuwa tukiuliza kama stori inakolea.

Hapa nataka nikae kidogo na Queen of Katwe, Disney, 2016, stori ya Phiona Mutesi binti wa mtaa wa Katwe aliyekuwa bingwa wa chesi. Bajeti kama dola milioni 15, ikaingiza kama milioni 10, kwa hesabu za sinema imefeli na mtu wa studio ana haki ya kukwambia tulijaribu. Lakini Disney hiyohiyo 2012 walitoa John Carter, steringi Mzungu, na wakatangaza hasara ya karibu dola milioni 200, na sijasikia mkutano wowote uliokaa kujadili kama Wazungu wanauza. Walisema bajeti ilizidi, matangazo yalikuwa mabovu, jina halikuvutia. Mzungu akifeli wanatafuta kosa kwenye kazi. Sisi tukifeli kosa linakuwa ni sisi. Mimi ubaguzi ninaouogopa ni huo, wa kusoma hasara mbili kwa macho mawili tofauti, kwa sababu ule wa Julia Roberts kila mtu anauona na kuukemea ila huu unavaa suti unaitwa takwimu.

Na ile muvi ilipatikanaje? Mle ndani ya Disney kulikuwa na bosi mmoja, Tendo Nagenda, baba yake Mganda, ana ndugu Kampala, na yeye ndo aliyeipeleka stori kwa Mira Nair, dairekta aliyekuwa na makazi Kampala na aliyeanzisha Maisha Film Lab ya kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza muvi. Mtu mmoja tu mwenye asili ya huku kwenye meza ya maamuzi, na ghafla matokeo yakawa tofauti: mama kaigizwa na Lupita wa Kenya, kocha na David Oyelowo mwenye asili ya Nigeria, Phiona mwenyewe na Madina Nalwanga, binti wa Kampala aliyepatikana kwenye darasa la kucheza dansi, na hakuna mwalimu wa Kizungu aliyekuja kumwokoa mtu. Lafudhi zilichanganyika, ndio, Waganda waliisikia. Ila macho ya stori yalikuwa ya Katwe.

Wengine wanasema dawa ni kuachana na Hollywood tutengeneze zetu. Muvi ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la muvi la Toronto 2021 ikiwa ya Kiswahili, Zanzibar yenye Wahindi, Waarabu na Waswahili wake kama ilivyo, maana walioamua walijua wanachokiamua. Nakubali ndo njia, ila tusidanganyane kuhusu hela, na tusijifanye huku kwetu tuko safi. Angalia nani anapewa kuwa mrembo kwenye tamthilia zetu na nani anapewa kuwa dada wa kazi, uone kama weupe wa ngozi haujaingia kwenye uamuzi. Huyo anayepanga hivyo ni Mswahili mwenzetu.

Siku stori ya Bibi Titi Mohamed itakapopata hela kubwa ya nje, najua ugomvi utaanza kwenye nani anamuigiza, na kama ni dada wa Atlanta au wa Lagos mi nitavumilia akijifunza Kiswahili kama Whitaker. Nitakachotaka kujua kwanza ni nani kaandika, nani ana neno la mwisho kwenye skripti na kwenye uhariri, na kama ndani yake kuna mwandishi wa habari wa Kizungu aliyetungwa ambaye ndo tutakuwa tunamfuata muda wote huku Bibi Titi anapita kwa nyuma.