Nani Anamlipa Fundi kwa Kufundisha?

Lori la mchanga likimwaga mzigo kwenye nyumba inayojengwa, fundi mzoefu huchota kidogo, akausugua viganjani, kisha akatazama vidole. Vikibaki na tope, mchanga unarudi ulikotoka, kwa sababu tope huzuia saruji kushikana na mchanga na zege hupungua nguvu hata kama vipimo vyote ni sahihi. Saidia fundi aliyesimama pembeni na koleo kwa kawaida haelezwi hayo. Mwenye jicho atajifunza kwa kutazama, mwingine atabeba karai miaka nenda rudi bila kujua lori lile lilirudishwa kwa nini.

Wengi husema wazee wana choyo. Ipo kweli: kijana akishajua kusoma ramani na kukadiria vifaa, anaweza kuja kushindania kazi na aliyemfundisha. Lakini mimi naona tatizo kubwa liko kwenye malipo. Fundi wa mtaani hulipwa kwa kazi iliyokamilika, iwe ni kozi (mistari) za tofali au chumba kilichopigwa lipu. Akimpa kijana mwiko, siku inakwisha ukuta haujafika kwenye linta, na ukipinda atabomoa yeye kwa gharama yake. Anayefundisha kwa moyo anakatwa mfukoni.

Kwa hiyo wapo wanaosema tuwaachie vyuo. Hoja yao ina uzito, maana mtaa hurithisha makosa pamoja na ujuzi. Fundi huongeza maji ili zege limwagike kirahisi, hulimwagilia maji likauke polepole siku mbili badala ya angalau saba, na kijana anachukua yote kama sheria kwa kuwa ndivyo alivyoona. Chuoni ataelezwa sababu. Ila ukuta wa mazoezi hubomolewa jioni, na hakuna mwenye nyumba anayekuja kubadili ramani msingi ukiwa umeshamwagwa. Uamuzi wa saa kama hiyo huupati darasani.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Ni heshima anayostahili, na unamfungulia milango ya ajira. Hata hivyo, unapima anachokijua, haumuulizi amemfundisha nani. Ujerumani, mtihani wa kupata daraja la Meister, yaani fundi bingwa, una sehemu nne, na mojawapo ni uwezo wa kufundisha wanagenzi. Kampuni za ujenzi za huko pia huchangia mfuko unaowarudishia gharama waajiri wanaofundisha.

Tanzania tayari waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na serikali ina programu ya uanagenzi inayochanganya chuo na kazi. Ningependa sehemu ya fedha hizo imfikie fundi mwenyewe. Apimwe kwanza, mazoea mabaya yasahihishwe, kisha alipwe kwa kila mwanagenzi anayefaulu mtihani. Wapo watakaoogopa wanagenzi hewa, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana malipo yatoke baada ya kijana kusimama mbele ya mpimaji asiyemjua, na pima maji yake mkononi, ajenge kona ya ukuta iliyonyooka.