Hilo ni la Duki

Asubuhi ya leo nimenyoosha mkono kwenye sufuria, nikachukua yai la kuchemsha, nikaligonga mezani likapasuka vizuri. Kabla sijabandua ganda la kwanza, mama watoto akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka: "Hilo ni la Duki."

Nikamuuliza langu liko wapi. Akanijibu kwa upole, sauti ya mtu anayempa mfiwa pole: "Wewe kuna muhogo."

Sikilizeni. Mimi ni mtu wa miaka 61. Nimeendesha malori Malaba hadi Juba, nimelala chini ya lori mpakani Elegu mvua ikinyesha, nimeozesha mabinti wawili, na kanisani wananipa benchi la mbele. Leo, ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Walukuba, Jinja, nimenyang'anywa yai kwa ajili ya mbwa.

Angekuwa mbwa tuliyemzoea, ningevumilia. Mbwa tuliyemzoea anakula kilichobaki, analala nje, akibweka usiku wa manane unamtupia kandambili mnaelewana. Huyu ni Dalmatian. Mweupe, kilo 28, madoa meusi kuanzia pua hadi mkia, utadhani fundi rangi alifutia brashi mgongoni mwake. Binti yangu alikuwa anafanya kazi kwa mzungu mmoja kule Muyenga, Kampala. Mzungu mkataba ukaisha, akarudi kwao, akaacha friji, akaacha mazulia, akaacha mbwa. Friji ikaenda kwa shemeji. Mazulia mpaka leo sijaambiwa yako wapi. Mbwa akaletwa Jinja kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, pamoja na karatasi mbili za maelekezo zilizoandikwa mbele na nyuma.

"Baba, ni mbwa tu," binti akaniambia.

Mbwa tu! Karatasi ya kwanza, mstari wa kwanza: asipewe maini, figo, matumbo wala dagaa. Sasa hapa kwetu, Masese hapo chini, upepo ukigeuka unanusa mukene, ndiyo dagaa wetu, hata ukiwa usingizini. Mbwa wa mji huu wamekulia posho, yaani ugali, na mukene. Nilipomwambia mama anayeniuzia kwamba huyu wangu hali mukene, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Ikabidi niende kwa daktari wa mifugo anieleze. Akasema mbwa wengine karibu wote, ile asidi ya yuriki inayotokana na vyakula hivyo, ini linaipokea na kuivunjavunja, inatoka kwenye mkojo bila kumsumbua mtu. Dalmatian ini lake haliipokei sawasawa. Asidi inatoka nzima nzima, na ikizidi inaganda, inakuwa mawe kwenye kibofu. Majike hupona pona. Madume njia yao ni nyembamba, jiwe likikwama hapo hakojoi tena, na usipomwahisha unamzika. Ndiyo maana anapewa mayai, wali, na maji mengi, maji kila saa. Kumbe Marekani kuna mtu alianza mwaka 1973 kuwachanganya na mbwa wa aina nyingine, wakapata ukoo usio na tatizo hili. Wetu si wa ukoo huo. Angekuwaje wa ukoo huo na amekuja kwangu?

Halafu daktari akasema: "Kwa jambo hili, mzee, anafanana na binadamu."

Nikakaa kimya. Mimi nina jongo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikiamka usiku, hata shuka siiruhusu ikiguse. Asidi ni hiyohiyo! Daktari wa watu aliponikataza maini, mukene na malwa, pombe yetu ya ulezi, hakuna aliyeniandikia karatasi mbele na nyuma. Mama watoto alisema, "Tabia zako hizo." Mbwa kaingia na asidi ileile, anachemshiwa yai na kupulizwa lisimwunguze.

Lakini hayo tuyaache, nataka kuwaeleza habari ya mkojo.

Daktari alitaka mkojo wa kupima, wa asubuhi, kwenye chombo safi. Alisema kirahisi, utadhani ananituma maziwa. Saa 12 na nusu asubuhi nikatoka, kamba mkono wa kushoto, kopo la Blue Band mkono wa kulia. Nikumbushe kwamba huyu mbwa ukoo wake ni wa kukimbia. Asili yao wanataja pwani ya Dalmatia, kule Kroatia, lakini Waingereza ndio waliowafanya wakimbie kando ya magari ya farasi, safari nzima, wakilinda farasi na mizigo. Marekani walikimbia mbele ya farasi wa zimamoto. Walukuba hatuna gari la farasi. Tuna mimi na kidole changu.

Nguzo ya umeme, akainua mguu. Nikainama na kopo. Akaushusha, akaniangalia kama uliyemfungulia mlango wa choo. Mwembe, vivyo hivyo. Kwenye kibanda cha rolex, zile chapati za mayai, akainua, nikainama, akashusha, na kijana wa chapati akaniuliza, "Mzee, nikuwekee chai humo?" Sikumjibu. Mtu mzima hajibu kila kitu.

Akanivuta mpaka kwa mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji, akasimama kwenye pikipiki ya mwenyekiti, gurudumu la nyuma, akainua mguu kwa heshima zote. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nikapiga goti moja chini, nikapitisha kopo taratibu kutoka nyuma, na ukaingia. Wote! Nilisikia furaha ambayo sijaisikia tangu nipate leseni.

Mlango ukafunguka. Mwenyekiti, taulo kiunoni, mswaki mdomoni.

Na sisi tuna adabu. Huwezi kueleza jambo kabla ya salamu. Kwa hiyo nikiwa bado nimepiga goti, kopo la moto mkononi, nikamsalimia. Habari za asubuhi. Nzuri. Mmeamkaje. Salama. Watoto. Hawajambo. Mama mkwe, nasikia alilazwa. Alitoka, tunamshukuru Mungu. Tulipofika kwa mama mkwe, majirani sita walishatoka.

"Mzee, hicho ni nini?"

"Mkojo, mwenyekiti."

"Wa nani?"

"Wa mbwa."

"Unaukinga mlangoni kwangu wa kufanyia nini?"

"Nampelekea daktari."

Akatoa mswaki mdomoni. "Daktari wa kienyeji?"

Akina mama waliokuwa wanakwenda bombani wakatua madumu chini. Nikaapa kwamba ni daktari wa mifugo. Mmoja akauliza tangu lini mbwa akawa mfugo. Mwingine akauliza nani alimpaka rangi. Nikasema, na hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe, kwamba hakupakwa; hawa huzaliwa weupe kabisa, madoa hujitokeza yenyewe baada ya wiki mbili hivi.

"Yanajitokeza yenyewe?"

"Yenyewe."

Mtu akasema, "Yesu wangu."

Mwenyekiti akamwamuru Duki aondoke kwenye pikipiki. Duki hakutikisika. Sikio lake la kushoto ni kiziwi. Baadhi yao huzaliwa hivyo, wengine masikio yote mawili, kwa sababu weupe ule umeingia hadi ndani ya sikio, chembe za rangi hakuna, na bila hizo sikio halifanyi kazi. Mwenyekiti alikuwa upande wa kushoto. Akaamuru mara tatu mbele ya raia wake, mbwa anaangalia ziwani. Nikamgeuza kichwa ili amwone. Akamwona, akafurahi, na akifurahi huyu anakunja mdomo wa juu na kutoa meno yote nje. Ni tabasamu. Iko kwenye karatasi ya pili. Lakini karatasi ilikuwa nyumbani, na madumu mawili yalishaanguka.

Akaitwa katibu wa ulinzi. Huyu nilikuwa nakaa naye kwenye chungu cha malwa miaka na miaka, mrija wake kando ya wangu. Nikajua nimeokoka. Nikamweleza asidi yote, mbwa na mimi, ini na kidole. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kwa sauti ya watu wote: "Kumbe malwa uliacha kwa sababu ya ugonjwa wa mbwa."

Tangu siku hiyo, nikitoa mkono wa salamu, watu wanaangalia kwanza.

Mwenyekiti akaingia ndani, akarudi na shati na daftari. Mgeni kaingia kijijini bila kuandikishwa. Jina? Duki. Umri? Miaka minne. Anatoka wapi? Nikamwambia Kroatia. Akaandika "Muyenga". Kazi yake? Nikasema kukimbia. Akaacha wazi. Ada ya muhuri, shilingi 5,000. Nikaweka kopo chini nitafute mfukoni, na Duki, kwa furaha ya kusikia jina lake mara nyingi kwa sikio lake zima, akazungusha mkia.

Kopo likapinduka lote.

Sasa mniambie, mtu afanye nini? Nilikaa pale chini kwenye udongo uliolowa, na sikujali ni kitu gani kimeulowesha. Sina pensheni ya maana. Kidole kinawaka. Maji ninanunua kwa dumu, na mbwa karatasi inasema anywe kila saa, anakunywa na kukojoa popote duniani isipokuwa kwenye kopo. Manyoya yanapukutika mwaka mzima, hana msimu. Suti yangu nyeusi ya misiba imekuwa kijivu, juzi mjane aliacha kulia akaanza kunikung'uta. Na wanaishi miaka 11 hadi 13 hawa. Yeye ana minne. Nimepiga hesabu, sikuipenda.

Kisha akaja akaniegemea, kilo zote 28, upande wa kidole.

Basi ndiyo hayo. Treyi ya mayai imepanda tena, na nimemwambia mama watoto tununue kuku watano wa mayai tuwe na yetu. Akasema kuku hawatakaa na Duki. Nikasema basi Duki aende kwa shemeji, kuna friji huko. Hakunijibu, akaendelea kumenya lile yai langu, akalikata vipande vinne. Na nikishataja kuku, yule jirani wa nyuma, jogoo wake anawika saa 3 usiku, saa 3, watu hawajala hata chakula cha jioni, nikamwambia jirani, jogoo wako saa yake imeharibika, akaniambia eti mbwa wangu ndiye anayemchanganya, anadhani kumekucha akiona kitu cheupe dirishani. Kitu cheupe! Mimi nina shuka nyeupe kwenye kamba miaka kumi hapa, mbona...

Ngoja. Anakwaruza mlango. Mama watoto, lile kopo liko wapi?