Si presha peke yake

Makala yenu kuhusu kiharusi imeeleza vizuri presha na pombe kama visababishi, lakini kwa vijana walio chini ya miaka 45 mmeruka jambo kubwa: mishipa yenyewe. Kuna mtu anazaliwa na fundo la mishipa kichwani, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inamwaga damu moja kwa moja kwenye vena (mshipa unaoirudisha) bila kupitia vile vimishipa vidogo vya kupunguza nguvu. Fundo linaweza kukaa kimya miaka mingi, au likaleta degedege, halafu siku moja likapasuka.

Na ndugu zetu wenye SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi? Ugonjwa huo unabana mishipa ya ubongo, hata mtoto wa shule anapata kiharusi. Hapa Lubumbashi hilo lilistahili ukurasa mzima.

Kijana mmoja fundi wa pikipiki huku Katuba aliangusha spana, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa mazito. Wazee wakasema ametupiwa kitu, akalazwa chumba cha maombi mpaka jioni. (Maombi siyapingi, yangefanyika njiani.) Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wa saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, tena baada ya skana (picha ya ndani ya kichwa) kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka, ukiwa umepasuka, dawa hiyo hiyo inaweza kuua.

Basi mwandishi, safari ijayo utuambie: usiku skana inapatikana wapi mjini, na kwa bei gani?