Vipapatio vya moshi havitaki saa tatu

Siku ya kwanza kufukiza vipapatio vya kuku nilikaa kando ya jiko saa tatu nzima. Kichwani nilikuwa na kanuni moja tu: nyama ya moshi haitaki haraka. Nikapooza moto hadi nyuzi 110 hivi, nikafunika, nikangoja. Vilitoka na rangi nzuri kweli, ila ngozi ilivutika kama mpira wa manati, na kufikia kipande cha pili ulimi ulianza kuingia ganzi. Wageni walikula kwa adabu. Ngozi waliziacha ukingoni mwa sahani.

Tangu hapo nimekuwa mbishi. Moto mdogo na saa nyingi ni dawa ya minofu mikubwa na migumu, kama kidari cha ng'ombe, ambayo isipokaa motoni muda mrefu hailainiki. Kipapatio ni nyama kidogo iliyoshikana na mfupa na kuzungushiwa ngozi, na hiyo ngozi ndiyo tunayoifuata. Imejaa mafuta na maji. Isipopata joto kali, mafuta hayayeyuki, nawe unabaki kutafuna raba.

Sasa navipa moshi dakika 30 au 40 kwenye nyuzi 120 hivi, makaa yakiwa upande mmoja wa jiko na vipapatio upande wa pili. Kisha nafungua matundu ya hewa, naongeza makaa yaliyokwisha kushika moto, na kuacha joto lipande hadi nyuzi 200. Hapo ngozi inaanza kuchachatika. Ukiwa na oveni, hatua hii ya pili ifanyie humo na wala usione haya. Jiko la mkaa lenyewe libaki nje siku zote, hata kama mvua inatisha, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu ya kukushtua.

Lakini ngozi huharibika au hupona tangu jana yake. Mimi kuku simwoshi. Maji yanayoruka kwenye sinki husambaza vijidudu, na joto ndilo linaloviua. Navikausha vipapatio kwa karatasi za jikoni, navipaka chumvi na beking poda, kama kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, halafu navipanga kwenye wavu na kuviacha wazi usiku kucha katika rafu ya chini ya friji. Beking poda hupunguza uchachu wa ngozi, ndiyo maana inakuwa kahawia upesi. Usikosee ukatumia magadi matupu kwa kipimo hicho, utakula sabuni.

Na moshi wenyewe? Watu wengi wanauhesabu kwa wingi: ukitoka mzito na mweupe, wanafurahi. Huo ni moshi wa kuni zinazokosa hewa, na ndio unaoacha ule uchungu wa masizi. Moshi unaofaa ni mwembamba, unaelekea ubuluu, wakati mwingine huuoni kabisa mpaka uunuse. Kuni ziwe kavu, za mti mgumu au wa matunda: mwembe, mpera, mtofaa. Msonobari una utomvu, achana nao, na mbao zilizopakwa rangi au dawa hata usizisogeze jikoni. Wale wanaoloweka vipande vya kuni kwenye maji kwanza wanajichelewesha tu. Maji lazima yakauke ndipo kuni iwake, na kabla ya hapo unachopata ni mvuke.

Viungo sitabishana sana. Chumvi na pilipili manga vinanitosha. Ukitaka mchuzi mtamu, upake dakika tano za mwisho, maana sukari huungua mapema.

Juzi shemeji alikipasua kipapatio, akaona wekundu karibu na mfupa, akakirudisha sahanini. "Shemeji, huyu kuku bado mbichi." Nikamweleza kwamba moshi wenyewe huipa nyama rangi hiyo, na kwamba kuku wachanga mifupa yao ni laini, damu ya ndani ya uboho hupenya na kuitia nyama wekundu hata ikiwa imeiva. Hakushawishika, naye alikuwa na haki, maana rangi haiaminiki upande wowote: nyama nyeupe nayo inaweza kuwa haijaiva. Nikaleta kipimajoto, nikakichoma kwenye kipande kinene bila kugusa mfupa. Kuku huwa salama kwa nyuzi 74, lakini vipapatio mimi huviacha vifike 85 au zaidi, ndipo ile mishipa inapolegea. Kilisoma 88.

Akakitazama kipimajoto, akanitazama mimi, kisha akaanza na ngozi.