Baiskeli mbili zikigongana, "pole" peke yake haitoshi

Maneno ya kwanza yaliyonitoka, nikiwa bado nimekaa chini na baiskeli imenilalia mguuni, yalikuwa "niko sawa kaka, usijali". Hata kusimama nilikuwa sijasimama. Yule jamaa alitokea kwenye kona ya njia ya baiskeli akiwa upande wangu, kainamisha kichwa anaangalia mnyororo wake unaoruka, mpaka anakuja kuinua macho usukani wake umeshanasa kwenye wangu na wote tuko chini. Akaomba samahani, na mimi nikaomba samahani japo nilikuwa upande wangu kabisa, nikamsaidia kunyoosha breki iliyokuwa inakwaruza ringi, tukapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Sikumuuliza jina wala sikuchukua namba.

Usiku mkono ukaanza kuuma, pale kwenye kile kibonde kinachojitokeza chini ya kidole gumba ukikinyoosha. Nikajua nimeteguka tu. Nikapigwa eksirei, wakasema hawaoni kitu, nikarudi nyumbani nimefurahi. Lakini maumivu hayakwisha, baada ya wiki mbili nikarudi na ndo ufa ukaonekana kwenye kamfupa kadogo ka kifundo cha mkono kanaitwa skafoidi. Daktari akaniambia mfupa huo ndo tabia yake, ukipasuka wakati mwingine picha ya kwanza haionyeshi, kwa hiyo mtu akiumia hapo anatakiwa afungwe mkono kwa tahadhari halafu apigwe picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, tena damu inaufikia kwa shida, ukiuacha hivihivi kipande kinaweza kufa. Nikafungwa hogo wiki 10. Kazi yangu inataka mikono miwili, kwa hiyo kwa wiki zote hizo nilikuwa naishi kwa akiba na kwa kukopa.

Sasa nimdai nani? Kwa jinsi nilivyomwona, yule jamaa hakuwa mtu mbaya, naamini angejua angenisaidia. Ila simjui.

Kinachoniuma ni kwamba karibu kila mwendesha baiskeli ninayeongea naye ana stori kama yangu. Akigongwa na gari hapo hapo anapiga picha namba ya gari, anauliza bima, anaita polisi. Akigongana na mwenzake wa baiskeli anaona aibu, anaona ukiuliza jina ni kama umemshtaki mtu, eti sisi wa baiskeli ni wamoja. Mimi nasema hapana, jina na namba ya simu ni adabu ya kawaida kati ya watu wawili ambao wametoka kuumizana, na mtu muungwana hawezi kukasirika ukimuomba. Tena ikiwezekana nyie ndo muombane haraka kuliko wenye magari, maana baiskeli haina namba ya usajili utakayoifuatilia kesho.

Na ukweli wa pili ambao wengi hawaujui ni huu wa bima. Nchi nyingi zinalazimisha bima kwa chombo cha moto, baiskeli ya kukanyaga haimo. Maana yake aliyekugonga akikutwa na kosa, fidia inatoka mfukoni mwake labda awe na bima yake binafsi ya dhima kwa wengine, yaani ile inayolipa hasara aliyomsababishia mtu mwingine. Uswisi walikuwa na utaratibu mzuri, kila baiskeli ilibandikwa stika ya mwaka kuonyesha ina bima, wakaufuta kuanzia 2012 na sasa mtu anategemea bima yake mwenyewe. Ujerumani kaya nyingi zina bima ya dhima binafsi ambayo watu huikata kwa hiari na kwa kawaida inagusa hata ajali uliyoisababisha ukiwa kwenye baiskeli. Ufaransa dhima ya namna hiyo mara nyingi imo ndani ya bima ya nyumba. Uingereza hakuna lazima yoyote kwa baiskeli, ila vyama vikubwa vya waendesha baiskeli vinatoa bima hiyo pamoja na uanachama. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bima na asijue kabisa kwamba anayo! Ndo maana namshauri aliyegonga, kabla hujamwambia mwenzio huna kitu, kasome mkataba wako wa bima ya nyumba. Na wewe uliyegongwa, angalia pia imekugonga baiskeli gani, maana zile za umeme zenye kasi zinazofika kilomita 45 kwa saa, Ujerumani kwa mfano zinahesabiwa chombo cha moto na bima ni lazima.

Watu wananiuliza, si aliyegonga ndo analipa? Sio moja kwa moja. Sehemu nyingi kuumia peke yake hakukupi fidia, lazima uonyeshe kwamba mwenzako hakuchukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua, na kwamba hilo ndo limekuumiza. Alikuwa upande usio wake, usiku hana taa, kakunja bila kuangalia nyuma, hayo unaweza kuyasimamia. Lakini kama wewe ndo ulikuwa nyuma, gurudumu lako la mbele limegusa la nyuma la mwenzio ukaanguka, utapata kazi kueleza kwanini ulimkaribia hivyo. Na makosa yanagawanywa. Ukionekana umechangia robo, sehemu nyingi unakatwa robo ya fidia. Kuna pagumu zaidi, Marekani majimbo kama Maryland, Virginia, North Carolina na Alabama bado yana kanuni ya zamani kwamba ukichangia hata kidogo unaweza kukosa yote. Sasa fikiria ile "samahani" yangu ya pale chini mtu akiitafsiri kama nimekiri kosa. Muulize mwenzio kama ameumia, msaidie, mpe maji, lakini habari ya nani kakosa iacheni mpaka vichwa vitulie.

Ushahidi nao unapotea haraka kuliko unavyodhani. Piga picha baiskeli zikiwa bado zimelala pale pale, piga kona, piga alama za breki, muombe namba yule mpita njia aliyeona maana dakika tano tu keshaondoka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama unajiona mzima, na uhakikishe daktari ameandika kwamba ni ajali ya baiskeli na upande gani unauma, kwa sababu karatasi ya tarehe hiyo ndo itakayounganisha mfupa na ajali. Tunza risiti zote, mpaka za nauli ya kwenda kliniki, na barua ya kazini ya siku ulizokosa. Helmeti iliyopiga chini usiitupe ingawa usiivae tena, povu la ndani likishaminywa haliwezi kukukinga mara ya pili. Fremu ya kaboni mpe fundi aiangalie, inaweza kupasuka kwa ndani na nje ikabaki inang'aa.

Kuhusu wakili, mimi siamini kila mchubuko uende mahakamani. Tairi na spoku mnaweza kumalizana wenyewe, mkaandikiana, basi. Ila mfupa, kichwa, jino, au siku nyingi bila kazi, hapo ongea na wakili wa madai ya majeraha kabla hujasaini chochote. Wapo wanaokusikiliza mara ya kwanza bure, na baadhi ya nchi zinaruhusu alipwe kwa asilimia ukishinda, muulize hilo mwanzo kabisa. Wakili mzuri atakuuliza mapema sana kama huyo mtu ana bima au ana mali, usikasirike, anakuepusha na ushindi wa karatasi, hukumu unayo mkononi na pesa hupati. Na ile karatasi inayosema "nimepokea kiasi hiki na sina dai lingine" iogope. Mimi ningeletewa siku ya tatu ningesaini kwa furaha, si eksirei ilisema sina kitu?

Muda nao una mwisho, na unatofautiana sana. Uingereza kwa majeraha ni miaka 3, California ni 2, Ufaransa ni 10 tangu hali ya jeraha itulie. Usikae ukisubiri mtu akutafute.

Miezi michache iliyopita niligongana tena, kidogo tu, na binti mmoja aliyekuwa anatoka kwenye njia ya pembeni. Safari hii nilipohakikisha hajaumia nikamwambia dada naomba tupeane majina na namba, sio kwa ubaya. Akasita, akaniangalia, akauliza kwani unataka kunidai? Nikamhadithia habari ya mkono wangu tukiwa tumekaa pale ukingoni mwa njia. Akatoa simu, akaandika yangu, mimi nikaandika yake, akapiga picha baiskeli zote mbili yeye mwenyewe. Jioni alinitumia meseji kuuliza goti langu linaendeleaje.