Mwenyekiti mteule na tuhuma ya kupanga safu

Siku ya mwisho ya mkutano wa mwaka wa wanataaluma ina sura ileile, uwe umefanyika Mlimani au katika hoteli ya katikati ya jiji. Asubuhi ukumbi umejaa. Baada ya chakula cha mchana viti vya nyuma vinaanza kubaki wazi. Ikifika saa 10 alasiri mabegi yamepangwa ukutani, na watu wa Mbeya, Songea na Mwanza wanaaga mmoja mmoja kwa kunong'ona, kwa sababu basi halimsubiri mtu na stendi ya Mbezi Luis si jirani. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023, hesabu ya mtu wa mkoani imekuwa nyepesi: akiondoka leo jioni ameokoa pesa ya kulala Sinza. Saa 11 msimamizi wa uchaguzi anapanda jukwaani. Waliobaki kumsikiliza ni sisi tunaokaa Dar es Salaam.

Na hivyo ndivyo viongozi wa chama kinachojiita cha kitaifa wanavyopatikana.

Chama ninachokisema ni changu. Nimelipa ada yake miaka mingi na nimekaa kwenye kamati ya maandalizi mara mbili. Sasa kina rasimu ya marekebisho ya katiba yenye mambo mawili. La kwanza, uchaguzi utoke ukumbini: kila mwanachama aliyelipa ada apige kura kwa simu, miezi mitatu kabla ya mkutano. La pili, anayeshinda asikalie kiti papo hapo. Awe mwenyekiti mteule kwa mwaka mmoja, kazi yake kubwa ikiwa kuandaa mkutano unaofuata, ndipo awe mwenyekiti. Jambo la kwanza lina manung'uniko ya kawaida. La pili ndilo limewasha moto, na neno linalorudiwa kila kona ni moja: mnataka kupanga safu, yaani kuwaandaa warithi wenu mapema.

Neno hilo ni zito na nitalirudia. Ila wanaolitamka hawazungumzii kabisa kalenda, na mimi naona ugonjwa wetu wote uko kwenye kalenda.

Mkutano wetu hufanyika Desemba. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Vyuo vya umma vinaufuata, na idara zinaandaa makisio yao miezi kadhaa kabla. Mhadhiri wa Dodoma au Iringa anayetaka chuo kimlipie ada ya ushiriki, nauli na posho ya kujikimu anatakiwa kuiingiza safari hiyo kwenye makisio mapema, akiwa na barua mkononi inayotaja tarehe, mahali na kiasi. Bila barua, mkuu wa idara ataandika nini?

Sasa tumtazame anayepaswa kuiandika barua hiyo. Amechaguliwa Desemba jioni, watu wakiwa wamechoka. Januari ni makabidhiano, ambayo kwetu maana yake ni mafaili mawili na flashi moja. Kisha Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, apelekewe majina ya viongozi wapya, maana vyama vya aina yetu viko chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Kisha benki. Benki inataka muhtasari wa kikao, picha, vitambulisho vya NIDA vya watia saini wapya, na ikishavipata inaurudisha muhtasari kwa sababu ukurasa wa pili haukugongwa muhuri. Wakati hayo yanaendelea chama kina pesa lakini hakiwezi kuzitoa. Amana ya ukumbi hailipwi, na ile namba ya malipo ya serikali mliyopewa inaisha muda wake mkiwa bado mnatafuta muhuri. Mwaliko wa kutuma ikisiri za mada unatoka Juni au hata Julai, makisio yamefungwa, na barua ya mtu wa Mbeya inamfikia wakati haina kazi tena.

Mtu wa Mbeya yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Wa Morogoro na Dodoma angalau tangu 2024 wana treni ya SGR. Wa Mbeya atajilipia kutoka mfukoni au hatakuja. Asipokuja hapigi kura, na akija kwa pesa yake ndiye anayewahi basi la jioni ili asilipie kitanda cha usiku mmoja zaidi. Kwa hiyo uchaguzi wa Desemba unachelewesha barua, barua iliyochelewa inapunguza wapiga kura wa Desemba inayofuata, na hao waliopungua wanachagua viongozi wengine wa Dar es Salaam, ambao nao wataanza na mafaili mawili na flashi moja. Kila tukilalamika kwamba mikoani hawashiriki, tunawalaumu kwa jambo tulilolipanga wenyewe bila kukusudia.

Mwenyekiti mteule analikata duara hilo kwa namna ambayo kura ya simu peke yake haiwezi. Amechaguliwa Septemba. Hana kiti, lakini jina lake liko benki na kwa Msajili kabla mkutano wa Desemba haujafunguliwa. Anahudhuria mkutano huo akiwa na daftari, anaona projekta iliyogoma, anaona foleni ya chai inavyokula nusu saa ya wasilisho, anaona jinsi tulivyomsubiri mgeni rasmi hadi ratiba ya asubuhi ikahamia alasiri. Januari barua zinatoka. Hakuna anayemkabidhi kitu kwa sababu vitu viko mikononi mwake tayari.

Mwaka wangu wa pili kwenye kamati niliambiwa ukumbi tumeshikiwa, nisiwe na wasiwasi. Nilipokwenda kuhakikisha nikaonyeshwa daftari: siku yetu ya kwanza kulikuwa na sendofu. Katibu aliyemaliza muda alikuwa ameongea kwa mdomo na ofisa ambaye baadaye alihamishwa, na makubaliano yakahama naye. Hakukuwa na mwizi wala mzembe. Kulikuwa na uongozi uliokwisha na uongozi ambao haujaanza, na katikati yao pengo la wiki kadhaa ambalo halina mwenyewe.

Mfumo huu hatukuutunga sisi. Chama cha wanauchumi cha Marekani, American Economic Association, kilichoanzishwa 1885, humwachia rais mteule kupanga programu ya mkutano wa mwaka. Chama cha walimu wa lugha na fasihi cha hukohuko, MLA, kina ngazi ndefu zaidi: mtu anachaguliwa makamu wa pili wa rais, mwaka unaofuata anapanda kuwa wa kwanza, kisha rais. Akifika juu ameshaiona mikutano kutoka jikoni.

Kwa wenye hofu ya safu, kisa cha MLA kinafaa kusimuliwa. Desemba 1968, New York, vita ya Vietnam ikiwa imepamba moto, Louis Kampf wa chuo cha MIT na wenzake wawili walikamatwa kwenye hoteli ya mkutano kwa ajili ya mabango waliyobandika. Katika kikao cha wanachama jina lake likapendekezwa papo hapo, akachaguliwa makamu wa pili wa rais. Wakubwa wengi wa chama hawakufurahi hata kidogo. Lakini ngazi ni ngazi. Mwaka 1971 Kampf akawa rais. Safu ilimpandisha mtu ambaye wenye safu wasingempa hata uenyekiti wa meza moja ya mjadala.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Mzee mmoja wa chama chetu, aliyenifundisha, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Mwanangu, huyo Kampf wako alichaguliwa wapi? Si ukumbini?" Nilicheka, nikakubali. Ukumbi una nguvu ambayo simu haina. Mgombea anasimama, anaulizwa swali asilolitarajia, na watu wanamwona anavyolijibu. Agosti 2, 2024 mawakili walikusanyika Dodoma kuchagua rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Boniface Mwabukusi akapata kura 1,274, aliyemfuatia 807, na nchi nzima ikawa inafuatilia. Msisimko ule hauwezi kutoka kwenye ujumbe wa simu. Tena karatasi zinahesabiwa mbele ya macho ya watu, wakati kura ya simu inahesabiwa na mtambo ambao mtu fulani anaishika nywila yake. Ni nani? Rasimu haisemi, na inapaswa kusema.

Ila ukumbi unawahesabu waliomo tu. Mwaka mmoja baada ya Kampf, wanahistoria wa Marekani walikutana Washington, Staughton Lynd akasimama kugombea urais wa chama chao dhidi ya R. R. Palmer, akashindwa kwa kura 396 dhidi ya 1,040. Maelfu ya wanachama waliobaki nyumbani hawakuwa na neno, wala upande wa Lynd wala wa Palmer. Nasi hapa ukumbi wetu, saa 11 jioni, hauna hata msisimko wa Washington. Una watu wanaotazama saa.

Turudi kwenye safu. Wazee wetu hawaogopi kivuli. Walikua katika nchi ambayo kuanzia 1965 hadi 1990 kura ya rais ilikuwa ya jina moja, ndiyo au hapana, na wagombea ubunge wa chama kilekile wakitambulishwa kwa alama ya jembe na ya nyumba. Mtu aliyepita hapo akisikia "mteule" anasikia jina lililokwisha kuamuliwa mezani. Na mfano wangu wa wanauchumi haunisaidii: kwao urais hauna ushindani wa majina mawili, kamati ndiyo inayoleta jina. Tukiiga hilo, tuhuma ya wazee itakuwa imethibitika. Kwa hiyo rasimu iandike wazi kwamba nafasi ya mteule lazima iwe na wagombea wasiopungua wawili, na kwamba wanachama kadhaa wakitia saini wanaweza kumwongeza wa tatu. Bila kifungu hicho hata mimi nitapiga kura ya hapana.

Kikiwemo, lakini, nani hasa anapanga safu? Leo viongozi wanaotaka kurudi madarakani ndio wanaoandaa mkutano utakaowachagua. Wao wanaamua nani aongoze kikao kipi, nani akae karibu na mgeni rasmi, nani alipiwe nauli kama mzungumzaji mkuu, na uchaguzi uwe saa ngapi. Sisemi wanafanya kwa hila. Nasema nafasi ya kufanya hila wanayo, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayeiita safu kwa sababu tumeizoea. Mteule ameshashinda. Anapogawa nafasi za kuwasilisha hana kura ya kuomba.

Hoja moja ya upande wa pili sina jibu lake zuri. Wanataaluma wa nchi hii wanateuliwa. Taarifa inatoka usiku, na asubuhi mwenyekiti wako mteule ni mkuu wa wilaya au katibu mkuu wa wizara, na simu yake haipokelewi. Katika utaratibu wa sasa tunapoteza mwenyekiti na makamu anashika. Katika utaratibu mpya tunaweza kumpoteza aliyeshika ukumbi, wadhamini na barua zote kwa mpigo. Rasimu inasema kamati tendaji "itajaza nafasi", na hapo ndipo safu ya kweli inaweza kupangwa mchana kweupe. Afadhali kura ya simu irudiwe ndani ya siku 30. Kwa kuwa haihitaji ukumbi, gharama yake si kubwa. Hata hivyo siku 30 katikati ya maandalizi ni nyingi, na anayesema zitapita bila kuumiza mkutano hajawahi kuuandaa.

Mteule akiuvuruga mkutano, je, bado anapanda? Wanachama wana kura ya kutokuwa na imani, waitumie.

Ratiba ya mkutano wa mwaka huu imeshatufikia. Mjadala wa marekebisho ya katiba umewekwa siku ya tatu na ya mwisho, saa 10:30 alasiri, baada ya chai.